Kioo Hakidanganyi: Jinsi ya Kulisoma Gari la Kimarekani la Miaka ya 1946 hadi 1963

Anayeanza kuyapenda magari haya karibu kila mara huanzia pasipofaa. Hukimbilia nembo. Huona maandishi ya kromu ubavuni, "Bel Air", akaridhika, akapiga picha, akaenda zake. Nembo hung'olewa kwa bisibisi. Kromu huagizwa kwa posta. Wapo wenye magari ambao huchukua gari la bei ya chini kabisa la mwaka ule wakalivisha mapambo ya dada yake tajiri, na hakuna sheria inayowazuia. Lakini kioo cha mbele, nguzo zinazokishika na mkato wa paa ni mifupa. Kuvibadili hivyo ni kulijenga gari upya, na wenye fedha na subira ya kazi hiyo ni wachache.

Anayezijua kanga haanzi na jina. Hutazama pindo na mji kwanza, maneno huyasoma baadaye. Hapa tutafanya vivyo hivyo: kioo na paa kwanza, taa na mkia zifuate, nembo mwisho.

Kabla hujaanza

Mwaka wa gari la Kimarekani si mwaka wa kalenda. Modeli ya 1957 ilianza kuuzwa vuli ya 1956, kwa hiyo usishangae kuliona gari la 1957 kwenye picha ya Desemba 1956. Mmoja akikuambia lilitengenezwa 1956 na mwingine akashikilia kuwa ni la 1957, huenda wote wawili wanasema kweli.

Kuna sababu ya magari haya kubadilika sura kila mwaka. Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa General Motors mwaka 1923, alitaka mwenye gari zima atamani jingine, na njia rahisi ya kumtia tamaa ni kulifanya la kwake lionekane limepitwa. Mwaka 1927 kampuni ilianzisha idara ya kuchora sura za magari na kumkabidhi Harley Earl, fundi wa bodi maalumu aliyekuwa akiwatengenezea matajiri na waigizaji wa Hollywood. Tangu hapo magari yakawa yanashonewa nguo mpya kila mwaka kama watoto wa Idi. Bodi yenyewe ilidumu kwa kawaida miaka 2 au 3. Nguo, yaani grili, taa na mistari ya kromu, zilibadilishwa kila vuli. Ukizitenganisha hizo mbili kichwani mwako, nusu ya kazi imekwisha.

Zijue na koo. General Motors ilipanga majina yake kama ngazi, kuanzia chini: Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick, na juu kabisa Cadillac. Ford ilikuwa na Ford, Mercury na Lincoln, ikaongeza Edsel mwaka 1958 na kuizika mapema sana. Chrysler ilikuwa na Plymouth, Dodge, DeSoto, Chrysler yenyewe na Imperial. Pembeni walikuwepo wadogo: Studebaker, Packard, Kaiser, pamoja na Nash na Hudson walioungana mwaka 1954 kuwa American Motors. Hao wadogo ndio walithubutu zaidi, labda kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza.

Hatua ya 1: Simama mbali

Rudi nyuma hatua 10, utazame kivuli chote cha gari kwa ubavu. Jiulize swali moja tu: je, madigadi yametokeza kama mabega, au ubavu umenyooka kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma?

Yakitokeza, huenda una gari la 1946 hadi 1948. Utengenezaji wa magari ya raia ulisimamishwa Februari 1942 kwa ajili ya vita, na amani iliporudi viwanda vingi vilitoa tena magari ya 1942 yaliyobadilishwa grili tu. Watu walikuwa na njaa ya magari. Chochote chenye magurudumu kilinunuliwa.

Ubavu ukiwa umenyooka, umeingia zama mpya. Kaiser na Studebaker walitangulia na modeli zao za 1947. Hudson wakafuata mwaka 1948 na gari ambalo sakafu yake iliteremshwa kati ya vyuma vya chesisi, hivi kwamba ulishuka kuingia ndani badala ya kupanda. Lakini gari lililowafanya wananchi wa kawaida wazoee sura hiyo ni Ford ya 1949, yenye ubavu mtupu kama sanduku la sabuni na duara la kromu katikati ya grili mithili ya pua ya ndege. Duara 1 ni 1949 au 1950. Maduara 2 ni 1951.

Ukiona gari ambalo hata magurudumu ya mbele yamefunikwa, kama bakuli lililofudikizwa, hiyo ni Nash ya kuanzia 1949. Wengine huicheka. Mimi naona ilikuwa na akili, ingawa sitaki kuwa mtu wa kubadilisha tairi lake usiku kwenye mvua.

Hatua ya 2: Kioo cha mbele

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Kioo cha vipande 2 vyenye mwimo katikati ni cha zamani. Chevrolet iliendelea nacho hadi 1952 na kupata kioo kizima mwaka 1953. Ford ilipata kioo kizima kilichopinda mwaka 1952. Kwa hiyo ukikuta Chevrolet yenye mwimo katikati ya kioo na mwenyewe anadai ni ya 1954, jua kuna mmoja amekosea, na si kioo.

Mwaka 1953 kilitokea kioo kinachozunguka. Badala ya kuishia kwenye nguzo zinazoinamia nyuma, kioo kiliendelea kujikunja hadi ubavuni, na nguzo ikasimama wima au hata kuinamia mbele. Kilianzia kwenye magari machache ya anasa, Cadillac Eldorado na Oldsmobile Fiesta, pamoja na Corvette mpya. Mwaka 1954 kikafika kwenye Cadillac, Buick na Oldsmobile zote. 1955 kikashuka hadi Chevrolet na Pontiac, na Ford nayo ikakipata mwaka huohuo.

Tazama chini ya nguzo hiyo, pale inapokutana na mlango. Utaona kona imevunjika kama goti. Wahandisi hawakuwa na pengine pa kuishushia, na matokeo yake ni kwamba anayeingia garini kwa haraka hugonga goti lake palepale. Kaa kwenye kiti cha dereva, ukiruhusiwa, utazame nje kupitia kona ya kioo: mti ulionyooka utaonekana umevimba tumbo. Huo ndio uliokuwa mtindo wa miaka ile. Sura kwanza, goti na macho baadaye.

Mwaka 1959 magari ya General Motors yalikwenda mbali zaidi: kioo kilijikunja ubavuni na pia juu, kikaingia kidogo kwenye paa. Ukiona kioo kinachopinda pande zote mbili namna hiyo, uko mwishoni mwa sherehe. Kufikia 1961 nguzo za mbele zilikuwa zimeanza kurudi kuinamia nyuma kama za gari la leo, na goti la abiria likapona.

Kwa hiyo kioo peke yake kimeshakugawia miaka karibu 20 katika mafungu manne: mwimo katikati, kizima chenye nguzo za kuinamia nyuma, kinachozunguka, na kinachozunguka hadi juu. Hujagusa nembo hata moja.

Hatua ya 3: Paa na nguzo ya katikati

Teremsha vioo vyote vya ubavuni kichwani mwako. Je, kuna nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma? Kama ipo, ni saluni ya kawaida. Kama haipo, na ubavu mzima umebaki wazi kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, hiyo ni hadtopu: gari lenye paa la chuma linalojifanya kuwa gari la paa la kukunjwa.

Hadtopu za milango 2 zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1949 kupitia Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile Holiday. Chevrolet ikafuata 1950, na jina ililoipa hadtopu hiyo lilikuwa Bel Air. Hadtopu za milango 4 zilikuja baadaye: Buick na Oldsmobile mwaka 1955, Chevrolet mwaka 1956. Kumbuka tarehe hizo mbili za mwisho, tutazihitaji.

Paa lenyewe lina mengi ya kusema. Ford Crown Victoria ya 1955 ina mshipi mpana wa kromu uliopita juu ya paa kutoka ubavu hadi ubavu, kama kilemba cha bibi harusi. Studebaker ya 1947 ya watu 5, iliyokuja kuitwa Starlight, ina kioo cha nyuma kilichozunguka kiasi kwamba watu walitania hawajui gari linakwenda mbele au linarudi. Na hadtopu za milango 4 za General Motors za 1959 na 1960 zilipatikana pia na paa bapa kama meza, lililotokeza nyuma juu ya kioo kinachozunguka. Hilo hulikosei hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hatua ya 4: Hesabu taa za mbele

Hii ni fupi. Taa 2 kubwa za mduara, inchi 7 kila moja: kwa kawaida gari ni la 1957 au kabla yake. Taa 4 ndogo: ni la 1958 au baadaye. Mwaka 1957 ni magari machache tu yaliyotangulia kuwa na taa 4, kwa kuwa baadhi ya majimbo yalikuwa bado hayajaziruhusu kisheria. Nash Ambassador ya mwaka huo ilizipanga moja juu ya nyingine.

Kanuni hii huvunjika kwa magari madogo ya bei nafuu yaliyokuja mwishoni. Studebaker Lark ya 1959 na Ford Falcon ya 1960 zina taa 2, lakini udogo na ukavu wa umbo lao utakuonya. Nazo Imperial za 1961 hadi 1963 zina taa zilizosimama peke yake juu ya vishikizo, kama taa za gari la miaka ya 1930. Mchoraji wake, Virgil Exner, alikuwa mtu wa kukumbuka mambo ya kale.

Hatua ya 5: Mkia

Zunguka nyuma sasa. Mapezi, yaani madigadi ya nyuma yaliyoinuliwa yakachongoka kama mapezi ya samaki, ndiyo yaliyowapa magari haya umaarufu, na historia yake inafaa kujulikana, kwa sababu ukiijua utalitambua pezi kwa mwaka wake.

Mwaka 1941 Harley Earl aliwapeleka wachoraji wake uwanja wa ndege za kijeshi wa Selfridge, karibu na Detroit, wakaione ndege mpya ya Lockheed P-38 yenye mikia miwili. Vita vikaingia kati. Wazo likarudi kwenye Cadillac ya 1948: vibonge viwili vidogo juu ya madigadi ya nyuma, vimebeba taa. Wakubwa wengine wa kampuni hawakuvipenda mwanzoni. Wateja walivipenda. Vikabaki.

Kwa miaka 8 hivi pezi lilikua taratibu. Kisha likaja la Exner. Kwa modeli za 1957, Chrysler ilishusha magari yake, ikayapunguzia unene, ikayapa mapezi yanayoanza karibu na mlango na kupanda kwa mstari mmoja safi hadi nyuma. Plymouth ikayatangaza kwa maneno kwamba ghafla mwaka 1960 umefika. Agosti 1956 mchoraji kijana wa General Motors, Chuck Jordan, alipita karibu na kiwanda, akaziona Plymouth mpya nyuma ya uzio. Akarudi ofisini na habari. Wenzake walikwenda kuchungulia, wakaona kazi waliyokuwa wameiandaa kwa 1959 ni nzito na ya kizamani. Earl alikuwa safarini Ulaya. Walianza upya bila yeye, naye aliporudi akaikubali kazi yao.

Matokeo ya uzio ule ndiyo mikia ya 1959. Cadillac ilipata mapezi marefu kuliko yote yaliyowahi kuuzwa, kila moja likiwa na taa 2 nyekundu zilizochongoka kama risasi, kwenye gari la urefu wa mita 5.7. Buick ilipewa mapezi yaliyolala mshazari. Chevrolet ikapewa mapezi yaliyolala kabisa, kama mabawa ya ndege anayetua, na chini yake taa za umbo la jicho la paka. Pamoja na tofauti hizo zote, koo zote tano za General Motors mwaka huo zilitumia milango ya mbele ya aina moja, iliyochorwa kwa ajili ya Buick. Tafuta picha za Cadillac na Chevrolet za 1959, uziweke sambamba, ufunike mbele na nyuma kwa mkono, utazame mlango tu. Ni zoezi zuri kuliko kusoma kurasa 20.

Baada ya hapo pezi lilipungua. Cadillac ya 1960 ina pezi la chini, lililonyooka. Lilizidi kufifia kila mwaka hadi 1964, kisha likatoweka. Nayo Lincoln Continental ya 1961, iliyochorwa na Elwood Engel, ilikuja na ubavu mtupu, ukanda mwembamba wa kromu ukipita juu ya madigadi, na milango ya nyuma inayofunguka kinyume. Ukisimama karibu nayo baada ya kutazama Cadillac ya 1959, ni kama mtu ameizima redio.

Taa za nyuma zina alama zake pia. Ford ilipenda duara kubwa 1 kila upande. Ililiacha mwaka 1958 kwa taa 4 za umbo la yai, na mwaka 1960 kwa nusu duara, kisha ikalirudia 1961. DeSoto ya 1957 ina taa 3 zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya pezi. Chevrolet Impala, iliyoanza 1958, ina taa 3 kila upande mwaka huo, wakati ndugu zake wa bei ya chini wana 2.

Hatua ya 6: Alama za ukoo

Sasa ndipo utazame mbele na ubavuni, ukijua tayari ni wakati gani.

Buick ina matundu ya mviringo kwenye madigadi ya mbele, yaliyoanza 1949. Mchoraji Ned Nickles aliyatoboa kwanza kwenye gari lake mwenyewe na kuyawekea taa ndogo zilizowaka pamoja na injini. Mwaka ule wa kwanza, Roadmaster ilikuwa na 4 kila upande na Super 3, kwa hiyo jirani aliweza kuhesabu mshahara wako kutoka barazani kwake. Matundu hayakuwepo 1958 na 1959, yakarudi 1960. Buick ya 1958 utaijua kwa kitu kingine: grili ya vipande 160 vya kromu. Siipendi, lakini lazima uione jua likiwa kali walau mara moja.

Pontiac ina mistari ya kromu iliyopita katikati ya boneti hadi nyuma, kuanzia 1935 hadi 1956. Bosi mpya, Bunkie Knudsen, aliiondoa kwenye modeli za 1957, maana alitaka vijana nao walipende gari. Grili iliyogawanyika katikati ilikuja 1959, ikakosekana 1960, ikarudi 1961.

Cadillac ya miaka ya 1950 ina vichongoma viwili vya kromu kwenye bampa la mbele. Watu waliviita Dagmar, jina la mwigizaji wa televisheni wa enzi hiyo, na msomaji mtu mzima hahitaji maelezo zaidi. Vile vya 1957 vina ncha za mpira mweusi. Mwaka 1959 havipo tena mbele.

Imperial za 1955 na 1956 zina taa za nyuma zilizosimama juu ya madigadi ndani ya pete, kama shabaha ya bunduki. Studebaker za 1950 na 1951 zina pua ya risasi katikati. Edsel ina grili ya wima ambayo imetaniwa vya kutosha, niiache.

Hatua ya 7: Jizoeze na Chevrolet 3

Chagua gari moja ulisome hadi ulijue usiku. Chevrolet za 1955, 1956 na 1957 zinafaa kuliko zote, kwa kuwa mifupa ni ileile na nguo ni tatu tofauti. Zilipatikana katika ngazi 3: One-Fifty, Two-Ten na Bel Air.

Ya 1955 ina grili ndogo ya miraba midogo, iliyokaa peke yake bila kufika kwenye taa. Wachoraji waliiga Ferrari. Ndani, dashbodi yake ina nusu duara mbili zilizotawanyika kama kipepeo, moja mbele ya dereva na nyingine mbele ya abiria. Kifuniko cha tangi la mafuta kiko wazi kwenye digadi la nyuma kushoto. Yenye injini ya V8, yaani ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, ina alama ndogo ya V chini ya taa za nyuma. Ni gari safi, na kwa jicho langu ndilo zuri kuliko wenzake, ingawa kauli hiyo itakugombanisha na watu.

Ya 1957 ndiyo kila mtu anaijua: mapezi, magurudumu ya inchi 14 badala ya 15, mikuki miwili ya kromu juu ya boneti, na kwenye Bel Air kipande cha alumini chenye mistari myembamba kilichojaza ubavu wa pezi. Unatafuta pa kujazia mafuta? Ni nyuma ya urembo wa kromu kwenye pezi la kushoto. V kubwa kwenye boneti ni ya injini ya V8. Yenye silinda 6 haina.

Ya 1956 iko katikati. Grili imetanuka hadi upande huu na huu, na uwazi wa gurudumu la mbele umelala zaidi. Pa kujazia mafuta nitakuambia mwishoni.

Hatua ya 8: Rangi, ndani, na jinsi ya kutazama

Rangi mbili au tatu kwenye gari moja hazikuwa za furaha tu. Gari la 1955 bado ni refu kwenda juu, na rangi nyeupe kwenye paa na mgongoni hulipunguza kimo. Ufuate mstari wa kromu unaotenganisha rangi: kwa kazi nzuri mstari huo huongeza mwendo kwenye gari lililosimama. Kwa kazi mbaya, kama Oldsmobile ya 1958 yenye mistari minne nyuma kama ya nota za muziki, hulifunga gari kamba. Dodge nayo ilijaribu mwaka 1955 kuwauzia wanawake gari la waridi na jeupe, La Femme, likiwa na mwavuli na pochi ya vipodozi. Wanawake hawakudanganyika.

Ndani, tafuta vifungo. Chrysler ilibadili gia kwa kubonyeza vifungo kuanzia modeli za 1956, na Edsel ya 1958 iliviweka katikati ya usukani, pale mtu anapozoea kupiga honi.

Ukitaka kujua kama gari lina umbo au lina mapambo tu, piga picha, kisha ufunike kromu kwa kidole gumba. Studebaker ya 1953 ya milango 2, kazi ya Robert Bourke kwenye studio ya Raymond Loewy, hubaki nzuri vilevile. Magari mengi ya 1958 hubaki magodoro. Na usipige picha umesimama wima. Chuchumaa hadi jicho lifikie taa, saa ya jioni, jua likiwa limelala.

Hatua ya 9: Mitego

Gurudumu la akiba lililotundikwa nyuma nje ya buti mara nyingi liliongezwa baadaye. Lakini Ford Thunderbird ya 1956 ilitoka nalo kiwandani, kwa hiyo usilikatae kila mahali. Matairi yenye ukanda mpana mweupe ni ya kabla ya 1962. Ukanda mwembamba ni wa baadaye. Matairi hata hivyo hubadilishwa kama viatu, usiyape uzito.

Havana ni shule na mtego kwa pamoja. Magari yaliyobaki Cuba baada ya mapinduzi ya 1959 mengi yamewekewa injini za dizeli na grili za kufinyangwa. Huko kioo na paa ndivyo mashahidi pekee.

Ukikutana na gari la namna hii lenye usukani wa kulia, mjini Nairobi, Mombasa au kusini mwa Afrika, fikiria Canada. Magari ya Kimarekani ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza mara nyingi yalitokea viwanda vya Canada, kama Oshawa, na mengine yalipelekwa vipande vipande kuunganishwa Port Elizabeth. Pontiac nyingi za Canada ni Chevrolet kwa chini, zikiwa na majina kama Laurentian na Parisienne, na Meteor ni Ford iliyobadilishwa uso. Barabara zetu nazo zilikuwa na neno lake: Mercury Comet za Kimarekani zilizokuja kwenye mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964 nyingi hazikufika mwisho, na Ford Cortina ndogo ya Kiingereza ikashinda.

Jaribio la mwisho

Gari limeegeshwa, halina nembo hata moja. Limepakwa rangi upya na mwenyewe hajazirudisha. Ubavu umenyooka. Kioo cha mbele kinazunguka bila kupanda kwenye paa, kwa hiyo ni kati ya 1953 na 1958. Taa za mbele ni 2, basi halijafika 1958. Mkia hauna mapezi. Grili ni ya miraba, imetanuka upana wote. Umeanza kunusa Chevrolet, na Chevrolet ilipata kioo hicho 1955, kwa hiyo umebakiwa na 1955 au 1956, kwa kuwa 1957 ina mapezi.

Hesabu milango: 4. Tafuta nguzo ya katikati: hakuna. Chevrolet haikuwa na hadtopu ya milango 4 mwaka 1955. Ni 1956.

Ukitaka uhakika, zunguka gari ukitafuta kifuniko cha tangi. Ubavuni hakipo, kwenye buti hakipo. Mwombe mwenye gari akuonyeshe. Atainama kwenye taa ya nyuma ya kushoto, ataigeuza kidogo, nayo itafunguka kama mlango, na kifuniko kitakuwa ndani.